Mvua, Mizani Tatu

Mchana nasimama kwenye mizani ya ghala, Kitangari,
napima korosho za watu:
gunia juu, mshale unatetemeka, natulia, nasoma.
Jioni, darasa la watu wazima,
Mwalimu Chipojola anaandika ubaoni neno lile lile: mizani.
"Chambueni umbo," anasema. "Shairi la maumbile, lolote."

Nimeleta la mjomba Likapa,
aliloliandika nyuma ya stakabadhi
msimu ule malipo ya pili hayakuja.

    Ukungu washuka chini, wafunika mikorosho,
    Yachanua matawini, maua hayana mwisho,
    Nyuki wamo safarini, wala hawadai posho,
    Mvua njoo Newala, usingoje hadi kesho.

    Upepo ukikazana, bondeni vumbi huruka,
    Ruvuma tunauona, mkono haujafika,
    Kiangazi chatubana, visima vimekauka,
    Mvua njoo Newala, usingoje hadi kesho.

Ubeti wa tatu umeliwa na mende.
Kimebaki kibwagizo.

Nahesabu kwa vidole.
U-ku-ngu-wa-shu-ka-chi-ni. Nane.
Wa-fu-ni-ka-mi-ko-ro-sho. Nane.
Ukwapi na utao vimelingana kama mabega ya mchukuzi wa ndoo mbili.
Vina: ni kwa ni, sho kwa sho.
Hapo kwenye posho nacheka,
maana mjomba alikuwa mjumbe wa bodi ya ushirika
na posho alizidai.
Ubeti wa pili vina vinahama, vinakuwa na kwa ka,
ila kibwagizo hakihami, kinarudi na sho yake
kama mtu anayerudi duka lile lile kuulizia sukari.

Kisha nakipandisha kibwagizo chenyewe.
Mvu-a-njo-o-Ne-wa-la.
Saba.
Nakishusha, nakipandisha tena. Saba.

"Mvuvi ni tatu, Somoe," anasema Mwalimu. "M. Vu. Vi.
Mvua ni mbili. Mvu. A.
Mjomba wako katuuzia kangomba."
Darasa zima likacheka; Bi Nangona alicheka mpaka khanga ikamdondoka.
Nami kangomba naijua,
bakuli linalojazwa kilima kwa mkulima mwenye shida,
likaitwa kilo.
Sikucheka.

Usiku nikamuuliza mama,
mjomba alikuwa akilisomaje?
Alikuwa anachambua dagaa, hakuuliza kwa nini.
Akafumba midomo, akainua kidevu kuelekea kwenye genge,
kule nchi inapokatika na mto unaonekana kama uzi,
akaishika ile m, akaishika,
urefu wa foleni ya bombani mwezi wa kumi:

mmm. Vu. A.

Nane.

Nikarudi kwenye daftari. Nilikuwa nimeandika
"marudio hutia mkazo, hukumbusha dhamira,"
kama tulivyofundishwa. Nikaufuta mstari huo kwa kidole na mate,
karatasi ikatoboka.
Alirudia kwa sababu haikuja.
Ingekuja baada ya ubeti wa kwanza,
wa pili angeuandikia nini?

Mwalimu kasoma, kakuna shavu kwa chaki.
"Kanuni haisemi hivyo."
Haisemi, Mwalimu.
"Na mtahini hatamsikia mama yako."
Hatamsikia.
Kanipa saba kwa kumi, na chini, kwa kalamu ya risasi,
kaandika neno mvua, kalikata kwa vistari viwili,
kisha kaweka alama ya kuuliza.

Asubuhi ghalani akaja bibi mmoja wa Mkoma,
gunia moja, limeshonwa kwa uzi wa chandarua.
Mshale ukapanda, ukarudi, ukapanda.
Karani mwenzangu akasema, andika, foleni ndefu.
Nikafumba midomo.
Nikausubiri utulie.